Kavata wa Pembe Sita

Wasichana walimwita Pembe Sita, wala hawakunong'ona. Walimwita hivyo dirishani mchana kweupe, naye aliitika bila kuinua macho kwenye mashine. Jina lake la kweli, Kavata Kilonzo, lilibaki kwenye daftari la wafanyakazi na kinywani mwa mama yake.

Chanzo cha jina hilo kilikuwa nati ya gurudumu la lori. Aliiokota mwaka 1974 pale Salama, kando ya barabara ya Mombasa. Mwaka huo shule ya wasichana aliyofanyia kazi, juu kwenye vilima vya Kilungu, ilianzisha Form Five ya sayansi, na mitihani ya kemia ikaanza kufika ofisini ikiwa imejaa maumbo ambayo taipureta haina kitufe chake. Walimu waliyaita maduara, ingawa duara gani lina kona? Kila moja lilikuwa na pembe sita, na kwenye pembe hizo vilining'inia vitu: klorini hapa, methyl pale. Stensili ni karatasi nyembamba yenye nta, na ukiikwaruza mara mbili mahali pamoja inachanika, wino unavuja, na nakala zote zinatoka na doa jeusi. Kavata aliilaza nati juu ya nta, akaizungushia kalamu ya chuma mara moja tu, na pembe zikatoka sita, zote sawa. Punde si punde shule za jirani zikaanza kuuliza ni nani anayewachorea wenzao.

Haki ingetendeka, angekuwa upande ule mwingine wa mtihani. Mwaka 1965 aliongoza katika kemia kwenye darasa la wasichana ishirini na wanane, na shule moja ya Nairobi ikamwandikia barua ya kumkaribisha Form Five. Barua ilimfikia baba yake, Mzee Kilonzo, ambaye alikuwa na mtoto wa kiume wa kusomesha na hakupenda mabishano. Mzee akaomba karatasi kwa mhubiri, akajibu kwa mwandiko mzuri kwamba binti yake anashukuru sana lakini ameshaolewa. Wakati huo Kavata alikuwa nyuma ya nyumba akipura mbaazi. Alingoja jibu la shule mwezi baada ya mwezi, na uongo ule aliugundua baada ya miaka miwili, alipokwenda kuchukua cheti chake na mwalimu akamuuliza habari za mume.

Mume hakupatikana hata baadaye. Mzee alikuwa amemwoza kwa kalamu, na pengine huko juu walihesabu kwamba ndoa moja inamtosha. Kaka yake Mutiso, aliyesomeshwa badala yake, alifukuzwa Form Two kwa kumpiga mpishi. Kavata akaenda Machakos kujifunza taipu, na mwaka 1968 akapewa meza kwenye ofisi ya shule ile ya Kilungu, pembeni ya dirisha linalotazama madarasa.

Mwalimu wa kemia aliitwa Bwana Nzioka. Alikuwa mtu wa Zombe, mrefu, msafi, anayevaa tai hata Jumamosi. Sifa zake zilienea kwa sababu ya njia yake ya kufundisha majina ya maduara. Jina la duara hubeba namba, maana ni lazima useme kila kitu kinaning'inia kwenye pembe ya ngapi. Taabu ni kwamba duara halina mwanzo. Uanzie wapi kuhesabu, na ukishaanza, uelekee kulia au kushoto? Nzioka alikuwa na jibu ambalo mtoto yeyote wa Ukambani angelielewa. Duara, alisema, ni watu walioketi kula mbuzi, na mgawaji wa nyama huanza kwa mzee. Basi mtafute mzee, yaani kile kitu kikubwa kuliko vyote kwenye duara, umpe namba moja, kisha uelekee upande ambao mkubwa wa pili yuko karibu. Wasichana walicheka, wakaandika, wakapata alama. Njia ile ilikuwa sahihi mara tisa kati ya kumi, na walimu wengi wakifika tisa hupumzika.

Kavata alijifunza maduara kwa vidole kabla ya kuyajua kwa akili. Ukichora duara mia kwa muhula, na chini ya kila moja upige jina lake kutoka kwenye karatasi ya majibu, utafika mahali mkono unajua jina kabla ya kusoma. Alianza kujipima. Alifunika karatasi ya majibu kwa kiganja, akahesabu pembe, akataja, akafunua. Miaka miwili ikapita hivyo, na siku za kukosea zikawa haba mno. Nyumbani mama yake, Nthenya, alimwona akichora pembe sita kwenye majivu ya jikoni, akamwambia kwamba mwanamke wa miaka thelathini anayechora majivuni anatafutiwa mganga. Yule mama alisema kwa mapenzi, na maneno yaliuma vilevile.

Mwaka 1977 watahini walituma ripoti yao, kurasa nne za malalamiko, na Kavata akapewa aipige upya kwa ajili ya faili. Kwenye ukurasa wa pili waliandika kwamba watahiniwa wengi wanaanzia kuhesabu kwenye kikundi kikubwa, na hilo ni kosa. Duara likiwa na ethyl na methyl tu, hata kama ethyl ni kubwa, halina mzee. Hesabu kuanzia kila pembe, pande zote mbili, kisha chagua safu ya namba iliyo ndogo tangu mwanzo wake. Kavata alisoma aya hiyo mara tatu. Kwa lugha ya Nzioka mwenyewe, maana yake ilikuwa hivi: watoto wawili wakibanana kwenye kigoda kimoja, yaani methyl mbili kwenye pembe moja, wao ndio wanaoanza kugawiwa nyama, na mzee aliyeketi peke yake atasubiri. Hii ndiyo ile mara ya kumi.

Hakutaka kumwaibisha mtu. Aliandika kwa penseli, kwa herufi ndogo, pembezoni mwa muswada wa mtihani ambao Nzioka alikuwa amemletea: "Mwalimu, tafadhali tazama ripoti, page 2." Muswada ukarudi mezani kwake alasiri ile ile. Neno lake la penseli lilikuwa limefutwa, na mahali pake, kwa wino mwekundu, paliandikwa TYPE.

Basi akaupiga. Lakini dirisha lilikuwa lake. Wasichana waliokuja kuchukua chaki wakati wa chakula cha mchana walianza kuchelewa kuondoka, kisha wakaanza kuja bila kutumwa chaki. Aliyekuja kila siku, jua kali au ukungu wa Kilungu, aliitwa Mbinya, binti wa mchuuzi wa ng'ombe wa Mwingi, mwenye akili inayokata na macho yasiyotulia. Aliketi kwenye kreti chini ya dirisha, akala ugali wake huku Kavata akimchorea. Kavata alimpenda, tena sana. Alimtazama akaona alivyokuwa yeye mwenyewe mwaka 1965, kasoro baba. Alimfundisha yote aliyoyajua, pamoja na ile habari ya wawili kwenye kigoda kimoja, akamwonya asiitaje mbele ya mwalimu.

Mwaka 1979, akiwa na miaka thelathini na mitatu, Kavata aliamua kufanya mtihani wa Form Six kama mtahiniwa wa nje. Akipita kemia na biolojia, chuo cha ualimu kingempokea. Angesimama mbele ya ubao, si nyuma ya dirisha. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu, sahihi ya mwalimu mkuu kwenye fomu, maana bila shule ya kumkubali katika maabara yake hakuna mtihani. Akaijaza fomu kwa taipureta, bila kosa hata moja, akaipeleka.

Mwalimu mkuu, Bwana Muthama, alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti ya upole ambayo haikumzuia kufanya lolote. Aliisoma fomu mbele na nyuma.

"Kavata, wewe ni mfanyakazi mzuri. Sasa hii form ni ya nini?"

"Ni ya A-level, sir. Nataka nifanye hapa kama private."

"Na ukipita?"

"Nikipita nitaenda college, nikuwe mwalimu."

Bwana Muthama aliitazama mashine ya kudurufu iliyokuwa kwenye kona, akairudia fomu. "Halafu nani atatype?"

Swali hilo lilikuwa la kweli kuliko yote aliyouliza baadaye. Kavata alijibu kwamba Machakos imejaa wasichana wanaojua taipu. Mwalimu mkuu akasema ndiyo, wamejaa, lakini hawajui kuchora zile pembe. Kisha akafikiri, akatabasamu, na kusema kwamba yeye si mtu wa kuzuia baraka za mwenzake. Bwana Nzioka ndiye mwenye somo. Akisema Kavata yuko tayari, fomu itatiwa sahihi siku hiyo hiyo.

Nzioka alichagua Alhamisi mchana, na alichagua darasa la Form Six likiwa limejaa. Wasichana kumi na tisa walikuwa kwenye madawati, Bwana Muthama kwenye kiti mlangoni. Kavata alisimamishwa ubaoni akiwa amevaa gauni lake la Jumapili, mkono wa kulia ukiwa bado na wino wa mashine.

"Leo tuna mwanafunzi mpya," Nzioka alisema. "Mketi vizuri, mtoto asiogope."

Wakacheka. Walicheka hata wale waliokula ugali chini ya dirisha lake. Nzioka akachora maduara kumi kwa chaki, akageuka. "Ni kumi kwa kumi. Mtu mwingine ningemwachia moja au mbili, lakini huyu ndiye anashika paper zetu kila term. Akikosa hata moja, basi hata ile ameona hajaelewa."

Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, na Kavata alikuwa amempisha kila mtu tangu azaliwe. Siku hiyo hakupisha. Alichukua chaki na kuanza kuandika majina. Kabla ya kila jina alizungusha kidole hewani, kuume kisha kushoto, kama afanyavyo juu ya stensili, na darasa likacheka kila kidole kilipoinuka. La kwanza sawa. La tano sawa. Kufikia la saba kicheko kilikuwa kimepungua, na kufikia la tisa hakikuwepo. Nzioka alitia alama zake tisa za vema kwa chaki nyekundu, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia.

Duara la kumi lilikuwa na ethyl kwenye pembe moja, na kwenye pembe ya upande wa pili, methyl mbili pamoja. Kavata alilitambua. Alijua pia jibu ambalo Nzioka alilitaka, kwa maana alikuwa amelipiga taipu mara nyingi. Angeweza kumpa, na fomu ingetiwa sahihi kabla ya chai. Kwa kitambo kifupi chaki ilisimama hewani. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameshaandikiwa uongo mmoja maishani, na mkono wake ukakataa kuandika wa pili. Akaandika: 4-ethyl-1,1-dimethylcyclohexane.

Nzioka alingoja darasa lote lisome. "Hapo mzee ni nani?"

"Ethyl, mwalimu."

"Na umempatia ngapi?"

"Nne."

"Huko kwenu mzee anakula wa nne?"

Kicheko kilirudi chote, na riba yake. Kavata alingoja kiishe. "Mwalimu, ukianza kwa ethyl unapata moja, nne, nne. Ukianza kwa hao wawili unapata moja, moja, nne. Hiyo ya pili ndiyo ndogo. Iko kwa ripoti ya examiners, page two."

Aliyejibu alikuwa Bwana Muthama, kutoka mlangoni, kwa ile sauti yake ya upole. "Ripoti gani?"

"Ile ya seventy-seven, sir. Mimi ndio niliitype."

"Ile imeandikwa confidential hapo juu."

"Ndiyo, sir."

"Na wewe ukaisoma."

"Sir, mtu hawezi kutype kitu bila kukisoma."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu alimtazama kwa huzuni ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Mimi nilikuandika kazi utype, Kavata. Sikukuandika usome."

Nzioka hakuridhika na hilo. Jibu la ubaoni lilikuwa bado linamtazama, na wasichana wawili watatu walikuwa wameanza kuhesabu kwenye madaftari yao. Akageukia dawati la mbele. "Mbinya, wewe ndio wa kwanza hapa. Simama. Hii kitu inaitwa aje?"

Mbinya alisimama. Kavata alimtazama, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu aingie. Huyu anajua. Huyu alilijua duara hili kabla ya kujua lingine lolote, kwenye kreti, na mdomo ukiwa na ugali. Mbinya aliutazama ubao, akamtazama mwalimu, ambaye wiki iliyofuata angeandika barua za kuwapendekeza wasichana kwa chuo kikuu. Kwa Kavata hakutazama.

"One-ethyl, four-four-dimethyl, sir."

"Asante. Keti."

Nzioka akapiga mkasi mwekundu, alama ya kosa, juu ya jibu la kumi. Wasichana waliokuwa wakihesabu wakafunga madaftari. Bwana Muthama akainuka, akamrudishia Kavata fomu yake ikiwa safi kama ilivyokuja, akamwambia amshukuru Mungu kwa tisa.

Jioni hiyo ilimbidi apige orodha ya watahiniwa wa Form Six, majina kumi na tisa, iende Nairobi. Kesho yake mwalimu mkuu akamletea kazi nyingine kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa barua ya onyo kwa mfanyakazi aliyesoma nyaraka za siri za mitihani, nakala moja kwa afisa wa elimu, nyingine kwenye faili lake. Shule haikuwa na mpiga taipu mwingine. Kavata akaweka karatasi tatu na kaboni mbili, akapiga jina lake mahali pa mhusika, akaipeleka isainiwe, kisha akajipokelea. Mama yake alipomuuliza usiku huo mbona hali chakula, alisema anaumwa jino.

Novemba, siku ya karatasi ya pili ya kemia, Mbinya alikuja dirishani akikimbia, wino vidoleni, uso unang'aa.

"Ilikuja, Miss. Ile ya wawili na mmoja. Nimeandika yako."

Kavata alisimamisha mashine. "Na wenzako?"

"Wameandika ya mwalimu."

"Hukuwaambia."

"Ningewaambia aje, Miss? Ingefika kwa sir." Kisha akapunguza sauti, akasema kwa nia njema kabisa: "Usinikasirikie, Miss. Wewe si uko na kazi tayari."

Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hageuki kukueleza kwa nini anakupiga. Kavata alimkabidhi karatasi ya kurudisha vitabu vya maktaba, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, akafunga dirisha. Tangu siku hiyo hakumfundisha mtu.

Matokeo yalipofika, Mbinya alikuwa amepata A ya kemia, ya kwanza katika historia ya shule. Siku ya wazazi Bwana Nzioka alisifiwa mpaka akainamisha kichwa, na baba yake Mbinya akamletea beberu kutoka Mwingi. Kavata ndiye aliyepiga ile ratiba ya sherehe. Mwaka uliofuata alijaribu shule nyingine, upande wa Kitui. Mwalimu mkuu wa huko alimpokea vizuri, akaandika kuomba faili lake, faili likafika, na akaacha kumpokea vizuri. Hakujaribu tena. Mama yake akafa mwaka 1982. Jino alilomdanganya nalo likaja kuuma kweli, likang'olewa. Mashine ikabadilishwa, yeye akabaki.

Mwaka 1984 Mbinya alirudi na digrii yake, kufundisha kemia mahali pa Nzioka aliyestaafu kwao Zombe. Aliingia ofisini akicheka, akamkumbatia Kavata mbele ya watu na kumwita Mama. Kavata alikuwa na miaka thelathini na minane. Aliitika. Walifanya kazi pamoja miaka mitano bila neno baya hata moja, maana neno baya linataka watu wawili, na Mbinya alikuwa amesahau. Hilo ndilo lililomuuma Kavata kuliko jambo lenyewe. Yeye alikuwa amelibeba kila siku, na mwenzake hakujua hata kwamba kuna mzigo.

Kisha ukafika mwaka 1989. Mfumo mpya wa elimu ulikuwa umefuta Form Five na Six, na wasichana waliokuwa Form Six mwaka huo ndio waliokuwa wa mwisho. Anayefeli hana pa kurudia. Mbinya akaandika kijitabu cha kuwasaidia, *Majina ya Maduara*, kurasa ishirini na nne, kwa Kiingereza chepesi kilichochanganywa na Kiswahili, na shule za Mwingi na Kitui zikaomba nakala. Akaleta muswada.

Kavata aliupiga kwa siku nne. Yote yalikuwemo. Kidole kinachozunguka hewani kulia kisha kushoto. Kiganja kinachofunika majibu. Watoto wawili kwenye kigoda kimoja, neno kwa neno. Dibaji ilimshukuru Mungu, ikawashukuru wazazi, ikamshukuru Bwana J. Nzioka, "aliyenifundisha kuhesabu." Kavata alipiga sentensi hiyo, akarudi nyuma nafasi moja kuhakikisha ina nukta.

Kwenye ukurasa wa kumi na moja alisimama. Kulikuwa na duara lenye klorini tatu: mbili jirani, ya tatu imeacha pembe moja katikati. Ukianza kwa wale majirani unapata 1,2,4. Mbinya, kwa haraka yake, alianza kwa ile iliyo peke yake, akaandika 1,3,4, kisha akaeleza kwa mistari minne kwa nini ndivyo inavyopaswa kuwa. Lilikuwa kosa la kawaida tu, la mtu mwerevu aliyeandika kijitabu likizoni. Kavata aliliona mara moja, kabla vidole havijafika.

Mbinya alipita mlangoni na kikombe cha chai. "Mama, inaendelea?"

"Inaendelea. Kuna mahali unataka niangalie?"

"Hapana. Wewe type tu vile iko."

Akaipiga vile ilivyo. Nakala mia tatu zikatoka kwenye mashine, safi, bila doa.

Agosti, wakati wa chakula cha mchana, msichana aligonga dirisha ambalo halikuwa limefunguliwa kwa somo kwa miaka kumi. Aliitwa Shufaa, binti wa Hassan mwenye duka la nguo Mwingi, na kila mtu shuleni alijua anataka udaktari. Alikuwa na kijitabu mkono mmoja na daftari mkono wa pili.

"Samahani, Mama. Hii ya page eleven, ni makosa ya kutype? Mimi nikihesabu napata one, two, four. Nimehesabu pande zote. Sijui kama nakosea."

Alikuwa amechora duara lake vizuri, pembe sita, na mishale midogo ya kuzunguka kulia na kushoto. Kavata aliitazama mishale hiyo. Hapakuwa na mtu wa tatu karibu. Mbinya alikuwa Nunguni sokoni, na mwalimu mkuu yule wa zamani alikuwa kaburini. Neno moja lilitosha, na lilikuwa mdomoni.

"Nimepiga kama nilivyopewa," akasema.

"Kwa hivyo si makosa?"

"Kitabu kimeandikwa na mwenye digrii. Mimi ni wa taipu."

Shufaa alihesabu tena kwa midomo. "Basi ni mimi," akasema. "Asante, Mama."

Akaegemeza daftari kwenye kizingiti cha dirisha, akatoa kifutio, akaanza kufuta. Kavata aliona raha. Ni vibaya kulisema, lakini aliiona, ya kwanza kwa miaka mingi. Iliisha kabla msichana hajamaliza kufuta mishale.